Shule ya ngapi kiwilaya?

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka mwishoni mwa Januari, makundi ya WhatsApp ya Morogoro hujaa orodha zisizo na mwenyewe. "Shule kumi bora za serikali mkoa wa Morogoro." "Shule zilizoburuza mkia Mvomero." Herufi kubwa, picha ya kombe, na chini kabisa namba ya simu ya mtu anayeuza mitihani ya nyuma. Huwa nazifungua zote. Kazi yangu ni ya uhasibu, nashinda na majedwali kutwa, na jedwali lililopangwa ovyo linaniudhi hata kama halinihusu.

Orodha hizi zilipamba moto baada ya Januari 2023. Ndipo Baraza la Mitihani, NECTA, likitangaza matokeo ya mtihani wa 2022 kupitia Kaimu Katibu Mtendaji wake, Athumani Amasi, liliposema halitataja tena shule bora wala wanafunzi bora kwa sababu halioni tija yake. Zamani ukifungua ukurasa wa shule ulikuta nafasi yake kimkoa na kitaifa. Sababu ya kuliacha jambo hilo si ngumu kuielewa. Kumi bora ilikuwa imeshageuka mtaji wa shule binafsi, mabango barabarani na ada juu. Ila hamu ya wazazi haikufutwa kwa tangazo. Matokeo bado yako wazi mtandaoni, shule moja moja, na yeyote mwenye bando na subira anaweza kukaa akapanga mwenyewe. Wanaopanga, kwa bahati mbaya, hupanga kwa kipimo kimoja tu.

Mimi naamini kulinganisha shule za serikali ndani ya halmashauri moja ni jambo la maana kuliko kumi bora yoyote ya kitaifa. Shule hizo ziko chini ya Afisa Elimu Sekondari mmoja, zinafanya mock moja, ruzuku yao ya elimu bila ada inahesabiwa kwa kichwa cha mwanafunzi kwa kiwango kilekile. Mambo mengi yanayotofautisha Kilimanjaro na Lindi hapa hayapo. Kikibaki kinachotofautiana, kina sababu, na sababu hiyo mara nyingi inaweza kushughulikiwa na watu wanaofahamiana kwa majina.

Lakini kwanza ondoa Mzumbe.

Shule ya Sekondari Mzumbe iko Mvomero, kwa hiyo kila anayepanga shule za serikali za wilaya hiyo anaiweka juu na zilizobaki zinafuata kwa mbali, kisha watu wanaanza kuuliza shule za kata "zinashindwa nini wakati ziko jirani." Mzumbe ni ya vipaji maalumu, kundi moja na Ilboru, Kibaha, Tabora Wavulana, Tabora Wasichana, Msalato na Kilakala, hii ya mwisho ikiwa hapa mjini kwetu Manispaa. Kijana anaingia pale kwa kuchujwa na matokeo yake ya darasa la saba, na wenzake wanatoka Kagera, Mbeya, Mtwara. Analala bwenini. Uchaguzi wa kidato cha kwanza ndivyo unavyokwenda: wenye alama za juu kabisa wanapelekwa vipaji maalumu, wengine shule za ufundi, wengine bweni za kawaida, na wanaobaki, ambao ndio wengi mno, wanapangiwa shule za kutwa kwenye kata zao. Maana yake kila mwaka shule ya kata inachukuliwa watoto wake wakali kabla haijawaona, halafu Januari ya miaka minne mbele inawekwa kwenye mizani na shule iliyowachukua. Hakuna mhasibu angepitisha hesabu ya namna hiyo.

Ukishaondoa shule za kuchagua unabaki na za kata, na hapo ndipo pa kukaa.

Wengi wetu tunazikumbuka zilivyozaliwa. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, ulianza 2004. Nchi ilikuwa na shule za sekondari zisizofika 1,300. Kufikia 2009 zilikuwa zimepita 4,000. Kasi kubwa zaidi ilikuja Edward Lowassa alipokuwa Waziri Mkuu. Wananchi walisomba mawe na mchanga, wakachangishwa, wengine kwa hiari, wengine kwa kukimbizana na mgambo. Walimu wa kujaza madarasa yale hawakuwepo, wakaletwa vijana waliomaliza kidato cha sita wakapewa mafunzo ya muda mfupi, na mtaani wakabandikwa jina la voda fasta. Kisha ikaja Februari 2013, matokeo ya mtihani wa 2012, ambapo zaidi ya asilimia 60 ya watahiniwa walipata sifuri. Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, aliunda tume chini ya Profesa Sifuni Mchome, matokeo yale yakafutwa na kupangwa upya, yakapanda kidogo. Aibu haikufutika.

Tangu hapo kila mkuu wa wilaya amekuwa na neno lake juu ya sifuri. Kisarawe, enzi za Jokate Mwegelo, kulikuwa na kampeni iliyoitwa Tokomeza Zero. Kwingine wanasema futa ziro, ondoa ziro. Nia ni njema. Lakini ukimwambia mkuu wa shule atapimwa kwa sifuri, atakuondolea sifuri, na zipo njia mbili za kuiondoa.

Ili uone njia ya kwanza, tuangalie mtu anahesabiwa amefaulu akiwa na nini. Daraja linatokana na masomo saba aliyofanya vizuri zaidi: A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5. Daraja la kwanza ni pointi 7 hadi 17, la pili 18 hadi 21, la tatu 22 hadi 25, la nne 26 hadi 33. Ukipata 34 au 35 ndiyo sifuri. Sasa kaa upige hesabu. Mtoto mwenye D ya Kiswahili, D ya Uraia na F tano ana pointi 33. Amefaulu. Na D yenyewe inaanzia alama 30. Kitaifa ufaulu ulikuwa asilimia 87.79 mwaka 2022, ukapanda hadi 89.36 mwaka 2023 na 92.37 mwaka 2024, na kila mara waziri, mkuu wa mkoa na diwani wakapongezana. Waliopata daraja la kwanza hadi la tatu mwaka 2023 ni kama asilimia 37 tu. Waliobaki kwenye ile 89 ni daraja la nne, na ndani ya daraja la nne wamo wenye D mbili.

Kwa hiyo shule mbili za kata zinaweza zote kutangaza "asilimia 95 wamefaulu," moja ikiwa na watoto kadhaa wa kwenda kidato cha tano, nyingine haina hata mmoja.

Nilishuhudia jambo hili kwenye kikao cha wazazi, shule moja ya kata upande wa Mvomero ambako mpwa wangu alikuwa kidato cha pili. Dada alikuwa amebanwa na mavuno, akanituma. Tulikaa kwenye madawati ya wanafunzi chini ya mti, mkuu wa shule akasimama na karatasi. Akasalimia, akashukuru viongozi wa kijiji kwa majina, akasema mwaka huu shule imepanda nafasi saba kiwilaya. Makofi. Akasema sifuri zimebaki za kuhesabu kwa vidole. Makofi tena. Mzee mmoja wa pembeni, baraghashia mkononi, akanyoosha fimbo.

"Mwalimu, mimi sikusoma sana, utanisamehe. Hao waliofaulu wanakwenda wapi?"

"Mzee wangu, wapo watakaokwenda kidato cha tano, wapo wa vyuo vya kati, na wengine wataangalia maisha."

"Wa kidato cha tano wangapi?"

Mkuu wa shule akamgeukia mwalimu wa taaluma. Wakanong'onezana. Hawakufika kumi. Mzee akasema ahsante mwalimu, akakaa, na kikao kikahamia kwenye michango ya chakula cha mchana, ambayo ndiyo iliyochukua muda uliobaki wote, maana ada ilifutwa Januari 2016 lakini mahindi, maharage na posho ya mwalimu wa kujitolea havijawahi kufutwa.

Swali la yule mzee linashinda orodha zote za WhatsApp. Kidato cha tano kinataka walau C tatu, tena kwenye masomo yanayotengeneza tahasusi, yale matatu ya mchepuo. Ukitaka kulinganisha shule mbili za halmashauri moja, anza na hilo: wangapi wana daraja la kwanza hadi la tatu.

Usiishie hapo, sasa uliza wangapi hawapo.

Hii ndiyo njia ya pili ya kuondoa sifuri, na haionekani kwenye ukurasa wa matokeo kwa sababu ukurasa unaonyesha waliofanya mtihani. Waliochoka njiani hawana namba. Mtoto anayetembea kilomita nane kwenda na nane kurudi, mvua za masika zikianza anapunguza siku, halafu anapunguza wiki. Binti anapanga geto na wenzake watatu karibu na shule, chumba cha udongo, jiko la mkaa mlangoni, na mama yuko milimani hamwoni mpaka mwisho wa mwezi. Yanayotokea huko tunayajua. Waraka wa Novemba 2021 umemruhusu aliyejifungua kurudi shuleni, ila kurudi kunahitaji mtu wa kumlea mtoto. Mvulana anaitwa shamba la miwa kule Mtibwa au anapewa ng'ombe. Aliyeanguka upimaji wa kidato cha pili anakaririshwa darasa, na wengi wakikaririshwa hawarudi. Simtuhumu mkuu wa shule yeyote kuwafukuza. Nasema tu kwamba kila mmoja wa hao akiondoka, wastani wa shule hupanda bila mtu kufundisha chochote.

NECTA ina namna ya kukuwezesha kuliona hili, ingawa haikuwekwa kwa ajili hiyo. Kila shule ina namba yake inayoanza na S, na namba ni ileile kwenye upimaji wa kidato cha pili na kwenye mtihani wa kidato cha nne. Fungua matokeo ya kidato cha nne ya 2024, andika waliofanya mtihani. Kisha rudi kidato cha pili ya 2022, namba ileile ya shule, andika waliofanya. Tuseme wa kidato cha nne ni 70 na wa kidato cha pili ni 120. Baadhi ya hao 50 wamekariri, wamehama, wengine wamekuja kutoka kwingine, hesabu haitakuwa safi kabisa. Lakini shule iliyotoka 120 hadi 110 na iliyotoka 120 hadi 70 si shule za kulinganishwa kwa asilimia ya ufaulu. Ukigawa waliopata daraja la kwanza hadi la tatu kwa wale 120 wa mwanzo badala ya 70 wa mwisho, msimamo wa halmashauri unapinduka mahali ambapo hukutarajia.

Angalizo la haraka kuhusu shule ndogo. Penye watahiniwa 40, watoto wawili ni asilimia 5. Shule kama hiyo ikipanda nafasi sita mwaka huu na kushuka nane mwakani, usimpe mkuu wa shule cheti wala usimhamishe. Chukua miaka mitatu, ijumlishe.

Na GPA ya shule, yaani wastani wa pointi zake, jamani, ndogo ndiyo nzuri. Inakwenda 1 hadi 5. Nimeshaona mtu anajisifu shule ya kijijini kwao ina 4.2 wakati ya jirani ina 3.8.

Nikirudi kwenye ukurasa wenyewe: watu hutazama jedwali la juu, madaraja kwa F na M, wasichana na wavulana, wakafunga. Mimi hushuka chini kabisa kwenye jedwali la masomo. Pale kila somo lina mstari wake, waliosajiliwa, waliofanya, waliofaulu, GPA ya somo. Kiswahili karibu kila shule kinang'ara. Hisabati karibu kila shule ni msiba. Kwa miaka kadhaa kitaifa tumekuwa na watahiniwa zaidi ya saba kati ya kumi wanaoanguka somo hilo. Kwa hiyo shule ya kata ambayo nusu ya watoto wake wanafaulu Hisabati ina mtu ndani yake anayefanya kazi, hata kama kwenye orodha iko ya kumi na tano. Mstari huo mmoja naupa uzito kuliko nafasi.

Halafu Fizikia. Somo hili si la lazima, na Kemia vilevile. Mwanafunzi akifika kidato cha tatu anaweza kuviacha. Nilipanga shule mbili za kata, sizitaji, zote za Mvomero, zote GPA karibu sawa. Ya kwanza iko kando ya lami. Ya pili iko juu, barabara ya kwendea huko mvua ikinyesha bodaboda wanapandisha nauli mara mbili. Kwenye orodha ya WhatsApp ya lami ilikuwa juu kidogo. Kwenye mstari wa Fizikia, ya lami ilikuwa na watahiniwa wachache mno, wale walioonekana wana hakika. Ya mlimani ilikuwa imewafanyisha watoto karibu nusu ya darasa, F nyingi, D nyingi, na C za kutosha. Kwa mtoto kujaribu Fizikia hakumgharimu daraja, kwa kuwa yanachukuliwa masomo saba bora. Kwa shule kunagharimu, maana F zile zinachafua jedwali na mtu wa wilayani ataziuliza kwenye kikao cha tathmini.

Nilikuwa na safari ya msiba upande huo, nikapita kuwasalimia. Maabara ipo, moja ya zile zilizojengwa kwa msukumo wa Rais Kikwete kwamba kila shule ya kata iwe na maabara za Fizikia, Kemia na Biolojia. Sinki zina mabomba yasiyo na maji. Juu ya meza kulikuwa na kikopo cha soda kilichokatwa, nyuzi, mawe yaliyoandikwa uzito kwa rangi nyekundu, rula ya mbao iliyotobolewa katikati. Mwalimu kijana, mmoja tu wa Fizikia, anafundisha na Hisabati za kidato cha tatu na cha nne. Nikamuuliza kwa nini anawaruhusu hata wasioweza. Akasema, "Kaka, nikimwambia aache kidato cha tatu, nitakuwa nimemfanyia mtihani mimi, mwaka mmoja na nusu kabla ya Baraza."

Hilo halipo kwenye jedwali lolote. Na ndicho kilichokuwa kinazitofautisha shule zile mbili, kwa sababu walimu ndani ya halmashauri hawagawanyiki kama ruzuku inavyogawanyika. Anayepangiwa juu anaripoti, anachukua pesa ya kujikimu, anaanza kutafuta uhamisho. Sababu zake zote ni za kweli: nyumba hakuna, mke yuko Kihonda mjini, mtoto anaumwa, zahanati mbali. Walimu wa sanaa wanajazana kandokando ya lami mpaka wanagombania vipindi, na kule juu Hisabati zinafundishwa na mtu wa Jiografia. Afisa elimu anaweza kubadilisha hilo kwa barua moja, na mara nyingi haiandiki, kwa kuwa kila mwalimu wa lami ana mtu wa kumpigia simu.

Wenzetu wameshajaribu vipimo vya namna nyingine. Kenya walikuwa wanachukua alama mtoto alizoingia nazo kutoka KCPE, mtihani wao wa mwisho wa msingi, na kuziweka pembeni ya gredi aliyotoka nayo KCSE, wa mwisho wa sekondari, waone shule imeongeza nini; kwa njia hiyo shule ndogo ya kutwa iliweza kuipita ya kitaifa. Uingereza walianza kutumia kipimo cha Progress 8 mwaka 2016, wazo lilelile. Kwetu hakuna kinachokosekana. Namba ya PREM inamfuata mtoto tangu shule ya msingi. Darasa la saba yake ipo, kidato cha pili yake ipo, kidato cha nne yake ipo, zote ndani ya Baraza hilohilo. Kuzioanisha ni kazi ya kompyuta, na mchana mmoja unatosha. Halmashauri ikibandika kwenye ubao wa matangazo wa kila kata walioingia wangapi na alama gani, waliofika wangapi, waliotoka na nini, orodha zenye picha ya kombe zitakosa wasomaji. Nadhani hilo ndilo linaloogopwa, kwa sababu baadhi ya shule zinazopigiwa makofi zitaonekana zilipokea watoto wazuri na kuwarudisha walivyokuwa.

Dada aliniuliza kama amhamishe kijana wake aje Manispaa akae kwangu. Nikamwonyesha majedwali, hakuyaangalia sana. Alichotaka kujua ni kama yule mwalimu wa mlimani anapokea wanafunzi wa kata nyingine. Nikampigia. Akasema mkuu wake hana shida, nafasi zipo, ila tufanye haraka, kwa sababu na yeye kaomba uhamisho tangu mwaka juzi na kibali amesikia kimeshafika TAMISEMI.